Alichokata Padri

Mwezi wa saba, baridi ya Katanga inauma masikio,
na kambi nzima imebeba viti vyake hadi uwanjani.
Sisi watoto tulipanda kichuguu,
kile kikubwa kuliko nyumba ya karani,
tukajibana juu yake kama kumbikumbi waliokosea msimu.
Baba yangu, Mwilambwe, ndiye aliyeshika mashine.
Shuka lilikuwa la hospitali, muhuri wa kampuni pembeni,
na kila msichana wa kizungu aliyekimbia kwenye ukungu
ilibidi apite juu ya muhuri ule.

Zilikuwa filamu za bei ya karanga.
Baba alizijua kama mtu anavyojua viraka vya suruali yake:
makaburi ya mbao laini, yanatikisika koti likiyagusa;
ngome ileile, wiki hii ya daktari kichaa,
wiki ijayo ya mjane anayefuga popo,
na popo ana uzi, ukitazama vizuri;
ukungu mwingi, maana pesa ya ukuta wa nne haikupatikana.
Saa moja na dakika tano, kwisha.
Huko Holiwudi, alisema, kuna watu wanafuma woga kwa siku sita,
siku ya saba wanarudisha nguo za kukodi.

Lakini kabla ya shuka kulikuwa na mkasi.
Jumamosi mchana Padri alikaa peke yake mbele ya picha,
na zimwi likitokeza kucha tu, anagonga kengele: kli!
Baba anakata.
Watu wenu wasione haya, Padri alisema,
hawatalala, na Jumatatu tanuru litakosa mikono.
Basi Baba aliunganisha mlango unaofunguka
na msichana ambaye tayari anapiga yowe.

Katikati, hakuna kitu.

Ee, hicho kitu kisichokuwapo!
Mlango ulifunguka, na kila mtu akamweka wake pale.
Mama Kapya aliwaona batumbula, wale wa usiku,
wenye taa na sindano,
wanaokunenepesha shimoni hadi unasahau jina lako.
Chabala wa tanuru aliona shaba iliyoyeyuka ikitembea kwa miguu.
Mimi niliona king'ora cha alfajiri, kina meno.
Na nyuma yetu, saa ileile, walimwaga mavi ya shaba mlimani,
mbingu ikawaka nyekundu kutoka bomba la moshi hadi mtoni.
Filamu haikuwa na rangi. Rangi tuliileta sisi.
Tulipiga yowe kabla ya msichana.

Kisha uhuru. Padri akaenda na mkasi wake.
Baba akavuta kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda:
miaka tisa ya kucha, imeviringishwa.
Alibandika kipande kwa kipande, wiki tatu, gundi hadi kwenye nyusi,
akawaita watu: "Leo mutamuona."

Mlango ukafunguka.
Akatoka mtu mnene ndani ya ngozi ya nyani,
zipu mgongoni, inameta,
na chini kabisa, viatu vya ofisini.

Uwanja ulinyamaza. Halafu Mama Kapya:
"Njo huyu balikuwa banatuficha?"
Kicheko kilianzia kichuguuni, kikashuka, kikavuka ua,
kikafika hata kwa walinzi.
Baba hakucheka. Alizima mashine kabla ya mwisho,
akakunja shuka polepole, pembe kwa pembe,
kama mtu anayetoka kuosha maiti.

Sasa kopo liko kwangu, Kamalondo. Linanuka siki.
Mjukuu wangu anachomoa kipande, tunakiinua mbele ya balbu:
mtu mdogo kuliko ukucha wa mtoto, mikono juu.
Labda naye alisikia joto mle ndani.
Labda walimlipa nusu, wakamwambia arudi Jumatatu.
Ninamwonyesha mtoto zipu.

Umeme unakatika, kama kila jioni.

"Kambo, eko wapi sasa?"

Kipande kiko kati ya vidole vyangu, ninakihisi,
kikavu, chepesi, kinajikunja.
"Sijui," namwambia. "Sogea huku."